Rudraksha ya Nepal na rudraksha ya Java: je, zinatofautiana kwa utakatifu au kwa umbo tu?

Mjukuu wa Ba (Mombasa)

Ndugu zangu, naomba msaada wa wale wanaozifahamu shanga za sala za Kihindu, hasa rudraksha. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita Ba, alituachia mala, yaani uzi wa shanga za kuhesabia sala, aliyoitumia kila alfajiri kulitaja jina la mungu Shiva. Miezi michache iliyopita uzi wake, uliokuwa umeshaoza kwa joto na chumvi ya huku pwani, ulikatika mikononi mwa mama yangu, na ingawa tulipekua chini ya kila kabati na kitanda, tulipata shanga 90 tu kati ya 109, yaani zile 108 za kuhesabia pamoja na ile ya kichwani inayoitwa meru. Kwa bahati njema, meru imo miongoni mwa zilizopatikana.

Nilidhani kazi ingekuwa ndogo: kununua shanga 19 na kumpelekea fundi azitunge upya. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea aliishika shanga moja ya Ba, akaigeuza mara mbili, kisha akatamka bila kusita kwamba hiyo ni mali ya Java, kile kisiwa cha Indonesia, kwamba rudraksha ya kweli hutoka Nepal peke yake, na kwamba za Indonesia hazifai kwa ibada. Aliniuzia shanga chache za Nepal kwa bei iliyonishtua, na nilipofika nyumbani niliona kwamba kila moja ni kubwa zaidi ya mara mbili ya zile za Ba, hata zikiwekwa pamoja zinaonekana kama kokoto katikati ya choroko.

Kilichomuumiza mama si fedha, bali ni neno lile, kwamba Ba alisali maisha yake yote kwa shanga zisizo za kweli. Katika ukoo wetu imesemwa siku zote kwamba mala hiyo ilinunuliwa Haridwar nchini India, kando ya mto Ganga, na kaka yake Ba kabla hajapanda meli kuja Mombasa. Naomba basi kuelezwa kama mti wa Nepal na mti wa Java ni mti mmoja, kama maandiko yanazipa shanga za nchi moja daraja kuliko za nchi nyingine, na kama inafaa kuzichanganya katika mala moja.

Mpenda Mimea (Morogoro)

Ndugu Mjukuu wa Ba, pole sana wewe na mama. Mimi si Mhindu, na kuhusu ibada nitawaachia wenyewe. Lakini nimesomea mimea, na swali lako la kwanza lina jibu.

Rudraksha ni kokwa ya tunda. Kwa muda mrefu wataalamu wameuita mti wake Elaeocarpus ganitrus, na wengi siku hizi wanauweka chini ya jina Elaeocarpus angustifolius. Eneo lake la asili ni refu mno, kwa maana linaanzia miteremko ya chini ya Himalaya huko Nepal na kaskazini-mashariki mwa India, linapita Kusini-Mashariki mwa Asia na visiwa vya Indonesia, na kufika hadi Queensland nchini Australia. Tunda lake lina rangi ya buluu inayong'aa, na utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba buluu hiyo haitokani na rangi iliyomo ndani ya ganda, bali na tabaka nyembamba sana zinazoakisi mwanga. Nyama ya tunda ikishaloweshwa na kumenywa, hubaki kokwa ngumu yenye ngozi ya vinundu na mifuo inayoshuka kutoka juu hadi chini. Mifuo hiyo ndiyo inayogawa zile nyuso mnazoziita mukhi, na ndani ya kokwa idadi ya vyumba vya mbegu hufuata idadi ya mifuo ya nje. Kokwa zenye mukhi tano ndizo nyingi kupita zote, iwe Nepal au Java.

Kwa hiyo ni mti mmoja. Isitoshe, hilo neno ganitrus halikutoka Nepal. Linatokana na ganitri, jina la mti huo katika visiwa vya Indonesia, ambalo Wajava wa leo hulitamka pia jenitri. Anayesema kwamba kokwa ya Java si rudraksha anaukana mti ambao hata jina lake la kitaalamu limetoka upande huo wa dunia. Wala Java si mgeni wa Shiva, kwani hekalu kuu la Prambanan, katikati ya kisiwa hicho, lilijengwa kwa ajili yake katika karne ya 9.

Tofauti ya umbo, hata hivyo, ni ya kweli, na muuzaji wako hakukosea alipoitambua. Katika vilima vya mashariki ya Nepal, kwenye bonde la mto Arun, hasa wilaya za Bhojpur na Sankhuwasabha, kokwa hukua kubwa, nyingi zikiwa kati ya milimita 15 na 25, na mifuo yake ni mirefu kwenda ndani kiasi kwamba unaweza kuihesabu kwa ukucha gizani. Katika Java ya Kati, ambako wakulima wa Kebumen na maeneo ya jirani huupanda mti huu kwa ajili ya soko la India, kokwa huwa ndogo, milimita 5 hadi 10 hivi, ngozi yake ni laini zaidi, na mistari yake ni myembamba. Aliyezoea biashara ya korosho, ambako punje kubwa ndiyo yenye bei, atashangaa kusikia kwamba kwa shanga za mala za Java mambo ni kinyume: kadiri kokwa inavyokuwa ndogo na ya duara, ndivyo mkulima anavyolipwa zaidi, na kwa sababu hiyo wakulima wenyewe wamekuwa wakichagua miti inayozaa kokwa ndogo.

Kuhusu Haridwar, nadhani hapa ndipo familia yako ilipochanganywa bila kosa la mtu yeyote. Haridwar ni soko la mahujaji, si shamba la rudraksha. Sehemu kubwa ya shanga zinazouzwa huko, kama zile za Varanasi, huletwa kutoka Nepal na Indonesia. Mala inaweza kuwa imenunuliwa Haridwar kwa mikono ya kaka yake Ba, na wakati huohuo kokwa zake zikawa zimeota Java. Kauli moja haiipingi nyingine.

Pale penye tofauti ya mti hasa ni India Kusini na Sri Lanka. Huko kuna ndugu wa mti huu, Elaeocarpus serratus, ambao matunda yake Wasri Lanka huyala na kuyaita veralu, na kokwa zake pia huuzwa kama rudraksha. Vilevile ile shanga yenye umbo la mwezi mwandamo au la korosho, inayouzwa kwa jina la mukhi moja, hutoka upande huo, na wachunguzi wengi huihesabu kuwa ya mti mwingine. Kama mtu angetaka kubishana kuhusu asili, ningependa abishane hapo kuliko kati ya Nepal na Java.

Hujaji (Dar es Salaam)

Har Har Mahadev. Nimemsoma ndugu wa Morogoro kwa makini na ninamshukuru, lakini naomba nitofautiane naye kidogo. Nimekwenda Kathmandu, Nepal, kuhiji hekalu la Shiva la Pashupatinath, nikakaa kando ya mto Bagmati nikiwatazama masadhu, wale watawa wa Kihindu, waliovaa rudraksha kubwa shingoni na kichwani, na sikuona hata mmoja mwenye punje ndogo za Java. Desturi ya watu waliomtumikia Shiva vizazi kwa vizazi ina uzito wake. Tena andiko letu la Rudraksha Jabala Upanishad linasema waziwazi kwamba iliyo bora ni yenye ukubwa wa tunda la amla, lile tunda ambalo mama zetu hulitia achari. Ya kati ni ya ukubwa wa kunazi. Na ya chini kabisa ni ya ukubwa wa punje ya dengu. Kokwa za Nepal ndizo zinazoikaribia amla. Sisemi kwamba Ba alisali bure, la hasha; nasema tu kwamba leo, kwa mwenye uwezo, ni vyema kuchagua kilicho bora.

Msomaji wa Purana (Nairobi)

Ndugu Hujaji, nukuu yako ni sahihi, na ninakuheshimu kwa safari uliyoifanya. Lakini andiko halisomwi peke yake. Shiva Purana, andiko jingine la Kihindu, katika sehemu yake ya kwanza inayoitwa Vidyeshvara Samhita, inautaja mpangilio huohuo wa amla, kunazi na dengu, kisha haraka inaongeza jambo ambalo wauzaji wa shanga kubwa hawalitaji kamwe: kwamba rudraksha kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo matunda yake ya kiroho yanavyozidi, kila iliyo ndogo ikiizidi kubwa yake mara kumi. Wafafanuzi wamejaribu kuzipatanisha kauli hizo mbili kwa njia mbalimbali. Mimi naona inatosha kusema kwamba maandiko yenyewe hayakumpa mtu ruhusa ya kuidharau shanga ndogo.

Kuhusu nchi, mambo yako wazi zaidi. Shiva anaeleza pale kwamba alipofumbua macho baada ya tafakuri ndefu, matone ya machozi yalidondoka na kuwa miti ya rudraksha. Jina lenyewe linaunganisha Rudra, jina lake la kale, na aksha, jicho. Kisha zinatajwa sehemu ambako miti hiyo iliota: Gauda, ambayo ni Bengal ya leo, Mathura, Ayodhya, Lanka, milima ya Malaya na Sahya huko India, Kashi, yaani Varanasi, na nchi nyinginezo. Nepal haikutajwa kwa jina, wala Java haikutajwa. Sisemi hivyo ili kuishusha Nepal, bali kuonyesha kwamba ile kauli ya muuzaji, eti ya kweli ni ya Nepal peke yake, si kauli ya dini. Ni kauli ya dukani.

Yako wapi basi masharti ya andiko? Yapo, nayo yanahusu hali ya kokwa yenyewe. Iliyoliwa na wadudu, iliyopasuka au kuvunjika, isiyo na vinundu, isiyo ya duara, hizo zimekataliwa. Na yenye tundu lililojitoboa lenyewe ndiyo bora, huku iliyotobolewa kwa juhudi za mwanadamu ikiwa ya kati. Ndugu Mjukuu wa Ba, ningekuomba uzikague shanga 90 za bibi yako kwa masharti hayo. Zikiwa nzima, mwambie mama kwamba kwa mujibu wa Purana hakuna neno la kuzikataa.

Kuhusu masadhu wa Pashupatinath, ni kweli wengi huvaa kubwa. Kuvaa, hata hivyo, ni jambo moja na kuhesabia jina ni jambo jingine, na hilo namwachia anayelijua kwa vidole.

Mtunga Mala (Nairobi)

Nimekuwa nikitunga mala kwa miaka mingi, za rudraksha, za tulsi, na za mbegu za yungiyungi, kwa hiyo nitasema ya mikononi tu.

Chukueni shanga 108 za milimita 20 mzipange: ni milimita 2,160, yaani zaidi ya mita mbili, hata kabla ya kuhesabu mafundo. Mala kama hiyo unaweza kuizungusha shingoni mara mbili na ikapendeza, lakini jaribu kuisogeza shanga kwa shanga juu ya kidole cha kati kwa dole gumba, kidole cha shahada kikiwa kimekaa kando kama desturi inavyotaka, huku mkono wote umo ndani ya gomukhi, kile kifuko cha kitambaa cha kufichia mala. Haiingii, na ikiingia haizunguki. Shanga 108 za milimita 7 ni milimita 756 tu, nazo hupita vidoleni bila sauti. Kaka yake Ba, kama alimnunulia dada yake mala ya kuhesabia jina kila alfajiri, alimchagulia inayofaa kabisa. Kwa atakayevaa shanga moja tu kwenye uzi shingoni, hapo nakubaliana na ndugu Hujaji: ya Nepal inaonekana vizuri, mukhi zake zinahesabika bila miwani, na hudumu.

Bei isikutishe wala isikushawishi. Za Nepal zimepanda sana kwa sababu, pamoja na mahujaji wa India, wafanyabiashara wa China nao wameingia katika vilima vile, na wengine hulipia mavuno ya mti mzima kabla matunda hayajakomaa. Bei hiyo inapima ugomvi wa wanunuzi.

Udanganyifu ndio jambo la kuogopa zaidi kuliko nchi. Nimeletewa kokwa za mukhi tano zilizochongwa mfuo wa sita na wa saba kwa kisu chembamba, shanga mbili zilizogundishwa kwa gundi zikaitwa Gauri Shankar, ile inayopaswa kuzaliwa pacha mtini, na hata popoo zilizochongwa. Msitegemee jaribio la kutia majini, kwa maana kokwa halisi iliyokauka sana inaweza kuelea, na mti mzito uliochongwa unaweza kuzama. Wala lile la kuizungusha kati ya sarafu mbili za shaba halithibitishi chochote. Kwa shanga ya bei kubwa, picha ya eksirei huonyesha vyumba vya ndani, nawe ukavilinganisha na mifuo ya nje. Kwa shanga za mukhi tano za mala, gharama hiyo haina maana, kwani hakuna anayejisumbua kuighushi ile iliyo nyingi kuliko zote. Angalieni rangi tu: za Java mara nyingi hupakwa rangi ya kahawia nzito ili zionekane kuukuu, na ukizilowesha katika maji vuguvugu usiku mmoja maji yatakuambia.

Mwanangu, nina maswali mawili. Shanga za Ba zina milimita ngapi, na mama anataka mala ya namna gani?

Mjukuu wa Ba (Mombasa)

Shikamoo mama, nawashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Nimezipima kwa kipimo cha sonara: nyingi ni milimita 7, chache zinakaribia 8, na meru ni 10. Zote ni za mukhi tano, ingawa kwa baadhi yake mistari imelainika sana kwa kushikwa hata ikanilazimu kutumia kioo cha kukuzia. Hakuna iliyoliwa na wadudu. Mama nilimsomea majibu yenu yote mezani, na nilipofika kwenye ile habari ya Haridwar kuwa soko aliomba niirudie. Anasema hataki kitu kipya kwenye uzi wa Ba iwapo inawezekana. Zile za Nepal nilizonunua ni nne, milimita 18.

Mtunga Mala (Nairobi)

Marahaba mwanangu. Basi usinunue kitu. Una shanga 89 za kuhesabia na meru. Mala ya 54 inakubalika kikamilifu. Mama anaizunguka mara mbili, akifika kwenye meru anageuza bila kuivuka, na 108 zinatimia. Hiyo itungwe kwa meru ya Ba mwenyewe. Zinabaki 35. Katika hizo toa 27 uzitunge mala ndogo ya mkononi, ambayo huzungukwa mara nne, na meru yake iwe moja ya zile za Nepal ulizonunua. Meru haihesabiwi, hivyo ukubwa wake hauwasumbui vidole, na kwa mala ndogo kichwa kikubwa husaidia mkono kujua umefika wapi. Shanga nane zitakazobaki ziweke kwenye kitambaa cha pamba pamoja na tone la mafuta ya msandali, kwa ajili ya siku nyingine itakapopungua moja.

Uzi uwe wa hariri au wa pamba iliyosokotwa mara tatu, usiwe wa nailoni kwa shanga hizi, kwa maana nailoni huyatafuna matundu ya kokwa kuukuu. Fundo liwekwe kati ya kila shanga na mwenzake, ili siku uzi utakapokatika tena ipotee moja, zisipotee 19. Na kwa hali ya hewa ya Mombasa, mama azivue kabla ya kuoga, azifute jasho kwa kitambaa kikavu, na uzi ubadilishwe kila mwaka kabla ya Shivaratri, sikukuu ya Shiva, hata kama unaonekana mzima.

Hujaji (Dar es Salaam)

Mama Mtunga Mala, ushauri wako kuhusu meru umenifurahisha. Ndugu Mjukuu wa Ba, kama zile tatu za Nepal zitakazobaki huna kazi nazo, mpe mama moja aivae shingoni Jumatatu za Shravan, ule mwezi mtakatifu wa Shiva, na ile mala ya 54 aishike mkononi.